Safu ya Wageni

Maua, 9 Februari 2025

Dada yangu Nelius,

Salamu nyingi za Jumapili kutoka kwa watu wa vumbi. Huku Maua jua limetukausha kama ndengu zilizosahaulika juu ya paa. Kiende anakusalimu, na anasema yale maharagwe uliyotutumia Krismasi yameisha, na kwamba si yeye aliyeyamaliza. Mimi ni mzima, ila goti. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu, na wanafunzi wangu wameshaanza kunihesabia siku zaidi ya ninavyojihesabia mwenyewe.

Najua masikio yako hayapatani na simu siku hizi. Ukipandisha sauti, kijiji kizima kinatusikia, pamoja na Munene hapo ng'ambo ya ua. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Jambo lenyewe ni shamba la Gachoka. Baba alilinunua mwaka mmoja au miwili kabla hajafa, karatasi zikabaki mikononi mwa Baba Mdogo Ireri. Sasa Ireri naye ameenda, na mwanawe Munene anasema shamba lilikuwa la baba yake tangu mwanzo. Wazee wa ukoo watakaa tarehe 19 Julai kuamua. Nilimwendea mmoja wao, akaniuliza swali moja tu: "Gitari, baba yako amelala wapi?" Nikamwambia amelala Kibugu, kwenye makaburi ya zamani ya kanisa pale Muringa. Akatikisa kichwa. "Shamba lisilo na kaburi ni la mpita njia," akasema. Na Ireri, kama unavyojua, walimzika palepale Gachoka.

Kwa hiyo nimeamua. Tumfukue Baba pale Muringa, tukamzike upya katika shamba lake, kabla ya wazee kukaa. Wakili anasema tunahitaji idhini ya watoto wote wa marehemu, na watoto ni mimi na wewe. Wewe ndiwe kifungua mimba. Fomu imo ndani ya bahasha. Tia saini palipo na alama ya kalamu nyekundu, uirudishe upesi.

Ni mimi nduguyo,
Gitari


Kibugu, 2 Machi 2025

Ndugu yangu Gitari,

Barua yako ilinikuta mzima, namshukuru Mungu. Ng'ombe amezaa ndama jike, nimempa jina la mke wako kwa sababu naye anapenda maharagwe. Majani chai yamekuwa machache kwa jua hili. Tunachuma nusu kikapu tunarudi nyumbani kukaa kivulini. Goti lako lipake mafuta ya nyonyo usiku. Usilipeleke kwa kila daktari.

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kutoka mjini Embu alileta wanafunzi arobaini kuona makaburi. Ungewaona! Walikuja wakipiga kelele kama kasuku, lakini walipoingia chini ya ile miti mikubwa ya miringa wakanyamaza bila kuambiwa. Msichana mmoja aliniuliza kwa nini jiwe la Mama Rebeka limechongwa jembe badala ya msalaba. Nikamwambia Rebeka alikuwa wa kwanza kubatizwa upande huu, na mume wake hakujua kuchonga kitu kingine. Wakaandika. Mlima ulikuwa wazi asubuhi ile, theluji yote inaonekana. Mahali hapa panapendeza, Gitari. Watu wanakuja kupiga picha za harusi siku hizi, sijui wanawaza nini.

Fomu yako nimeiona. Nimeiweka ndani ya Biblia isikunjike. Masika yanakaribia, na udongo wa Muringa ukilowa haushiki. Tungoje kwanza.

Msalimie Kiende.
Dada yako, Nelius


Maua, 23 Machi 2025

Dada Nelius,

Tu wazima. Mvua imeanza. Kiende amecheka habari za ndama, mimi sikucheka.

Nilikuomba saini, ukanijibu kwa picha za harusi. Tungoje nini? Wazee hawangoji udongo ukauke. Nimekujua tangu unanibeba mgongoni, na najua ukianza kueleza habari za hali ya hewa ujue kuna neno umelikalia.

Acha niulize waziwazi, usikasirike. Je, ni Munene? Nasikia ndiye anayekukatia majani ya ng'ombe. Nasikia alikuwekea bomba la maji hadi jikoni. Mimi niko mbali, yeye yuko karibu, na anayekuwa karibu ndiye ndugu. Kama umekula upande wake, sema, nijue napigana na wawili.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu Baba alipokufa. Unaijua sauti yake. Mimi nilikuwa na mitatu. Sikumbuki uso wake, sikumbuki hata ule mguu wake mmoja ambao kila mtu anausimulia. Nina kaburi tu. Kila nilipofunga shule nilikaa pale juu, mstari wa pili, nikamsomea ripoti yangu somo kwa somo. Nilipofeli Kiingereza nilimwomba msamaha yeye kabla ya kumwomba Mama. Leo nataka nimpeleke nyumbani kwake, na anayenizuia ni wewe! Inaniuma, Nelius.

Saini.
Gitari


Kibugu, 27 Aprili 2025

Ndugu yangu,

Pasaka imepita vizuri. Tuliimba hadi mchungaji akachoka. Sikukuandikia kabla kwa sababu ulinichoma, nikaona niache jivu lipoe.

Ndiyo, Munene hunikatia majani ya ng'ombe. Bomba nililipia mwenyewe, kwa fedha ya chai yangu. Sijala upande wa mtu. Na usiniandikie tena kama unaandikia mtoto aliyechelewa paredi.

Wewe ni mwalimu, lakini sidhani kama unaijua Muringa ni nini. Zamani huku hatukuzika. Mtu akielekea kufa alitolewa nje, akapelekwa vichakani, fisi wakamaliza kazi. Waliozikwa ni wazee wakubwa wachache wenye mali. Kwani nani angemshika maiti? Aliyemgusa alikuwa amepata mugiro, uchafu wa kifo, na hakuingia nyumbani mwake mpaka achinjiwe mbuzi atakaswe. Wamisheni walipokuja wakasema kila mtu azikwe, hata mtoto, hata maskini. Koo zikakataa kabisa maiti kuzikwa katika ardhi yao. Ndipo kanisa likaomba kipande kile chenye miringa, ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu ya mteremko. Waliokataliwa na ndugu zao wakalazwa pale. Rebeka yuko pale kwa sababu wanawe mwenyewe walikataa kumgusa. Kuna wapagazi wa vita ya kwanza waliorudi wakikohoa. Kuna watu wa kile kijiji chenye handaki, cha wakati wa hali ya hatari, walioandikwa namba bila majina. Na chini kabisa, kando ya mto, kuna safu ya wageni: watu waliokuja kutafuta kazi wakafia hapa, na hakuna aliyejua kwao ni wapi.

Siku hizi kila mtu huzika shambani kwake, ili kaburi liwe hati ya kumiliki. Pale Muringa hakuna kaburi hata moja la kugombea kitu. Ndiyo maana ninapapenda. Ndiyo maana nimepapalilia tangu nikiwa msichana, na hakuna anayenilipa.

Mwache Baba, Gitari. Nakuomba. Usiniulize kwa nini, kwa maana Mama alinifunga mdomo na hakunifungua kabla ya kufa.

Nelius


Maua, 25 Mei 2025

Dada,

Salamu. Mtaani tumefiwa. Jirani yetu Mahamed, yule mwenye duka la mabati, mama yake alifariki alfajiri ya Jumatano, na adhuhuri alikuwa ameshazikwa. Nilienda kumpa pole. Dada, binti za marehemu ndio waliomwosha! Kwa mikono yao, kichwa hadi vidole vya miguu, wakamfunga sanda wenyewe. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, sasa unaachaje mtu mwingine amuoshe mama yako?" Nimekaa na neno hilo siku nzima. Sisi tunaletewa sanduku limefungwa, tunaimba, tunafunika.

Nimesoma barua yako mara tatu. Historia ni tamu, nitaifundisha darasani. Lakini ati Mama alikufunga mdomo! Mama alikufa miaka kumi na tisa iliyopita. Kama kuna neno, liseme. Kama hakuna, usinitishe na marehemu.

Sasa sikiliza habari njema. Munene ameacha kupinga. Nilidhani atakimbilia mahakamani kuzuia, kumbe alinipigia simu mwenyewe, sauti laini kabisa. "Fukua tu, ndugu yangu," akasema. "Mimi nitakuja na wazee wanne tushuhudie. Baba Mkubwa si alikuwa na mguu mmoja? Tutamtambua mara moja, hakuna wa kubisha." Nilimshukuru. Nilimwonea hata haya kwa yale niliyomfikiria.

Kibali kimetoka. Ni Jumanne, tarehe 15 Julai, saa nne asubuhi. Afisa wa afya atakuwapo. Wakili anasema hata bila saini yako nitaendelea, maadamu hukuandika kupinga. Kwa hiyo sikuombi tena. Nakuarifu.

Gitari


Kibugu, 8 Juni 2025

Gitari, mwana wa mama yangu,

Leo sina habari za ng'ombe. Keti chini kabla ya kuendelea, na kama Kiende yuko karibu mwambie akae nawe.

Munene hakukubali kwa wema. Anajua. Baba yake lazima alimwambia.

Ilikuwa Mei, mwaka wa kipindupindu. Baba alilazwa Jumatatu. Alhamisi alitutumia neno kuuliza kiatu chake kiko wapi, kwa maana alikuwa ametoka nyumbani amebebwa, bila kiatu, na anataka kurudi akitembea kwa magongo yake. Mama akanipa kile kiatu, cha kulia, kwa maana mguu wa kushoto uliliwa na msumeno kule kwenye kiwanda cha mbao. Nikatembea nacho hadi hospitali. Nilipofika wakaniambia amekufa asubuhi. Nikarudi na kiatu kifuani.

Siku iliyofuata lori likaleta majeneza saba Muringa. Moja letu, sita ya wageni waliokuwa wakijenga barabara. Yote ya mbao zilezile, yamepigiliwa misumari, majina yameandikwa kwa chaki juu ya vifuniko. Mvua ilikuwa imenyesha njia nzima. Walipoyashusha, hapakuwa na jina hata moja. Weupe tu, unachuruzika.

Mwinjilisti akasema, "Fungueni, mmtafute mtu wenu. Ana mguu mmoja, hamwezi kumkosa." Hakuna aliyesogea. Wanaume kumi na wawili, Gitari, wengine wamebatizwa, wamevaa suti za Jumapili, wote wanaangalia viatu vyao. Mugiro uliwashika. Mwinjilisti mwenyewe alishika nyundo, akaiweka chini. Kisha Baba Mdogo Ireri akapita kando ya majeneza, harakaharaka, akaonyesha la tatu. "Huyu ndiye wetu," akasema. Hakugusa. Alionyesha kwa fimbo.

Tukalipandisha juu. Njia ilikuwa tope, aliyekuwa nyuma akateleza, jeneza likagonga jiwe la Rebeka na ubao wa chini ukaachana. Mimi nilikuwa nyuma na kile kiatu. Niliona miguu. Miwili, Gitari. Vidole kumi.

Nikamvuta Mama kanga. Nikamwambia. Akageuka akatazama kule chini, na wachimbaji waliokuja na lori walikuwa wameshafunika makaburi matano, wanamalizia la sita. Akatazama wanaume. Akajua kwamba akisema, hakuna atakayefukua, na Ireri atamwita mwendawazimu, na mjane mwendawazimu hupewa nini? Akanishika taya, akaniambia, "Hukuona kitu." Usiku ule hakulala, na hakulitaja tena mpaka anakufa.

Mtu unayemwita Baba ni mgeni. Simjui. Baba yuko chini, katika safu ya wageni, ndani ya moja kati ya yale makaburi sita. Sijui lipi. Nilijaribu kujua. Nilikaa juu ya kila moja nikiwa msichana, nikingoja nihisi kitu. Sikuhisi kitu. Basi nikaanza kupalilia yote, ili lake lisikose. Na ukishapalilia sita unaachaje la saba lenye magugu usione aibu? Nikaendelea kupanda mteremko. Watu husema Nelius anapenda makaburi. Nilikuwa namtafuta baba yangu.

Ningekuambiaje? Ulikuwa unakaa pale juu na ripoti yako, miguu haifiki chini, unasoma, "Hesabu, sabini na mbili." Niliogopa kukunyang'anya. Baadaye nikaogopa kwa sababu nilikuwa nimechelewa. Wale binti waliomwosha mama yao wamenitoa machozi. Mkono mmoja tu, ungegusa jeneza moja tu, ungetosha. Nami pia nilikuwa na mikono.

Tarehe 15 wakifungua, Munene atahesabu miguu mbele ya wazee. Atasema huna baba pale, huna shamba, na mama yako alimzika mtu wa barabara kama mumewe. Sitaki dunia yote isikie. Lakini uamuzi ni wako. Kuandika kupinga sitaandika. Nimekunyamazia vya kutosha, sitakuzuia tena.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta kiatu. Nilikipaka nta kila Krismasi.

Nelius


Kibugu, 5 Julai 2025

Gitari,

Je, kifurushi kilifika? Karani wa gari anasema kilichukuliwa Maua tarehe kumi Juni, na saini ni yako.

Zimebaki siku kumi. Jana Munene alikuja kupima mteremko kwa macho, akaniuliza kama wazee watapata mahali pa kukaa. Nilimpa chai. Nusu niliimwaga mezani.

Nitukane ukitaka, lakini andika.

Nelius


Maua, 13 Julai 2025

Dada yangu Nelius,

Barua hii naituma kwa gari la kwanza la asubuhi ili ikufikie kabla ya Jumanne. Kiende anakusalimu. Yeye ndiye aliyenipa kalamu leo, akasema nisipoandika ataandika yeye, na hataniuliza aseme nini.

Kifurushi kilifika. Nilisoma barua yako nimesimama, ingawa ulinikataza. Kisha nikakasirika wiki tatu. Nilimkasirikia Ireri na fimbo yake, nikamkasirikia Mama, nikakukasirikia wewe kuliko wote, kwa sababu wewe ndiye niliyebakiwa naye. Nilikuwa nimesimulia maisha yangu yote kwa mtu wa barabara! Nilimwambia nilipooa. Tulipopoteza mtoto wetu wa kwanza nilimwambia yeye kabla ya kukuambia wewe. Usiku mmoja nilitaka kuja mwenyewe na sururu.

Kiatu kilikaa juu ya kabati. Sikukigusa. Nilipita kando yake kila siku nikitazama pembeni, mpaka Kiende akaniuliza, "Na wewe pia umeogopa?" Nikajiona ni wale wanaume kumi na wawili. Nikakishusha. Nikavua changu, nikakivaa.

Kinanitosha, Nelius. Hakibani, hakipwayi. Nililia hadi wajukuu wakaja kuchungulia.

Kaburi halitafunguliwa. Nimeshamwandikia wakili, na afisa wa afya ameambiwa. Jumamosi nitakwenda kwa wazee Gachoka bila kaburi. Nitasema mimi mwenyewe, tangu chaki hadi vidole kumi, kabla Munene hajainuka. Wataninyima shamba, nadhani. Moyo unaniuma, kwa maana nilishachagua hata pa kuweka zizi. Lakini yule mzee akiniuliza tena baba yako amelala wapi, nitamjibu: Muringa, safu ya chini, na dada yangu amempalilia miaka hamsini na minne.

Jumanne nitakuja vilevile, saa nne. Mwambie Munene asilete viti. Sitakuwa na wachimbaji, nitakuwa na jembe moja. Tutaanza chini, kaburi la kwanza kando ya mto, na hutainama, utanionyesha tu magugu ni yapi. Tukimaliza la sita tutapanda juu pamoja. Nina habari za kumsomea yule mgeni. Hakuwa na mtu wa kumtembelea, nami sikuwa na baba, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kunikatiza.

Chemsha chai, na safari hii usiimwage.

Nduguyo,
Gitari